SSD kwenye iMac ya inchi 21.5: kasi safi, lakini skrini imebandikwa kwa supagluu!

Nianze na sifa kabla hasira haijanizidi. iMac ya inchi 21.5 ya 2017 yenye diski ngumu (hard disk) ya mizunguko 5400 kwa dakika inachosha: ukifungua programu, kile kigurudumu cha rangi kinazunguka mpaka unasahau ulitaka kufanya nini. Ikiwekwa SSD (diski ya chipu, isiyozunguka) ya kawaida ya SATA (kiunganishi kilekile cha diski ya zamani), inchi 2.5, inakuwa kompyuta nyingine kabisa. SSD naipa nyota tano.

Sasa duka. Nimelipia kubadilishiwa diski, nimerudishiwa mashine iliyobandikwa skrini kwa supagluu. Supagluu jamani! Kona ya juu kulia imeachia mwanya unaopitisha kucha, na karibu na kamera kuna tone jeupe limekaukia kwenye kioo. Nilipouliza, fundi hakuinua hata macho kwenye simu yake: “Gundi ni gundi tu, bosi. Si imeshika?”

Haijashika, na gundi si gundi tu. Tangu 2012 skrini za iMac zinashikiliwa na utepe wa sponji wenye gundi pande mbili, kwenye kingo zake. Ukishakatwa hautumiki tena. Inanunuliwa seti mpya iliyokatwa kwa umbo la mashine hiyo. Sponji inabonyea, inaziba vumbi, na siku nyingine inakatika tena vizuri. Supagluu inakauka ngumu. Kuifungua ni kulazimisha, na kioo kimeshikana na paneli, kwa hiyo kikipasuka unanunua skrini nzima. Na kufunguliwa tena itafunguliwa tu, maana hii haina kidirisha cha RAM nyuma kama ile ya inchi 27. Hata RAM ukitaka kuongeza, lazima skrini itoke.

Kazi yenyewe wala haihitaji miujiza. Chomoa umeme. Kigurudumu cha plastiki cha kukatia kinaanza upande wa kushoto, kinapanda, kinavuka juu, kinashuka kulia. Chini hapakatwi. Kadi ya benki iliyokwisha muda inamalizia kona. Skrini isivutwe zaidi ya sentimita 20 hivi, kwa sababu kuna kebo mbili, ya umeme na ya picha. Ya picha ina kishikizo cha chuma kinachoinuliwa kwanza, na anayevuta kwa pupa anang'oa soketi. Pawa saplai iko wazi na inabaki na chaji hata waya ukiwa nje, usiiguse. Vua mpira wa diski ya zamani, uvishe SSD. Mabaki ya gundi yafutwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu.

Halafu, kabla ya kubandua karatasi ya utepe mpya, egemeza skrini kwa tepu ya karatasi, rudisha kebo, washa, hakikisha SSD inaonekana. Nadhani hapa ndipo walipoharibu: anayebandika kwanza na kujaribu baadaye utepe unamfia mkononi, anakimbilia supagluu.

TRIM pia, ile huduma inayoiambia SSD data ipi imefutwa ili isizidi kupungua kasi, waliiacha imezimwa. macOS haiiwashi yenyewe kwa SSD za SATA zisizo za Apple. Ni amri moja tu kwenye Terminal, programu ya Mac ya kuandikia amri: sudo trimforce enable.

Nilisema nyota tano? Nazipunguza. Mashine hii ina milango miwili ya Thunderbolt 3. SSD ya nje ya Thunderbolt 3 ikichomekwa hapo inapita kasi ya SATA ya ndani, ambayo mwisho wake ni gigabiti 6 kwa sekunde. Unasakinisha macOS humo, unaichagua kwenye mipangilio ya Startup Disk, basi. Haina T2, chipu ya usalama ya Apple, kwa hiyo haikuzuii kuwaka kutoka nje. Skrini haiguswi kabisa! Duka lilijua hilo likanyamaza kwa ajili ya hela ya ufundi, au halikujua; vyovyote vile ni aibu.

Kwa hiyo nyota tatu kwa SSD ya ndani. Duka sifuri, mpaka linunue seti ya utepe na kurekebisha bila malipo, ingawa hata wakikubali, siwapi tena waiguse.