Kutoka 503 hadi 582: uzoefu wangu na injini za mapigo mawili kwenye ndege nyepesi

Traiki yangu ya viti viwili (ndege ndogo yenye bawa la kitambaa na magurudumu matatu) imebeba injini mbili za kampuni ya Rotax katika miaka saba: kwanza 503, sasa 582. Zote ni za mapigo mawili, zile za kuchanganyiwa oili na petroli. Uwanja wetu ni wa murram, kusini mwa Nairobi, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Natanguliza hilo kwa sababu injini iliyonifurahisha huku juu nusura iniangushe Pwani.

Nianze na 503. Inapozwa kwa hewa, haina maji wala rejeta wala mpira wa kupasuka. Yangu ilikuwa na kabureta mbili, yaani nguvu za farasi karibu 50 kwa mizunguko 6,500 kwa dakika. Kila silinda ina plagi mbili, na kila plagi inapata moto wake mbali na mwenzake. Kwa sababu hiyo niliikataa Rotax 447 niliyoletewa kwa bei ya kutupa: ilikuwa na moto mmoja tu. Plagi za injini hizi hujaa masizi upesi, na sitaki uhai wangu uning'inie kwenye plagi moja.

Nikiwa peke yangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, 503 ilinipandisha bila manung'uniko. Tatizo lilikuwa abiria. Injini isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo farasi 50 wa kwenye karatasi kwetu ni kama 42. Siku moja saa tano mchana, na shemeji yangu nyuma (si mtu mdogo), tuliivuka miti ya mwisho wa uwanja nikiwa nimebana pumzi. Niliposhuka niliamua: injini kubwa zaidi, au shemeji abaki chini.

582 ina farasi 65. Ukizikata kwa hesabu ileile, kwetu zinabaki 54. Kwa maneno mengine, 582 ya Nairobi ni 503 ya Mombasa na chenji kidogo. Anayenunua huku bara akitazama namba ya kiwandani bila kuikata anajidanganya.

Nilipata yangu imeshatumika, na hapa niseme kidogo kuhusu ununuzi, kwani nilikaribia kutapeliwa. Muuzaji wa kwanza alinionyesha injini yenye saa 40 tu za kazi, inang'aa. Nilipouliza imekaa muda gani bila kuwashwa, akaanza kuzungumzia bei. Injini ya mapigo mawili haina oili inayokaa chini ikisubiri, kama ya gari. Beringi za krankishafti hupakwa oili ile inayopita na petroli, na ikilala miaka kwenye unyevu zinapata kutu ambayo huioni mpaka zikatike. Toa ekzosi, mulika tochi kwenye tundu lake, tazama ubavu wa pistoni, kisha sukuma ringi kwa kijiti uone kama zinacheza. Kazi ya dakika ishirini. Muuzaji huyo hakutaka ekzosi iguswe, tukaagana. Ya pili ilikuwa na saa 120, imechakaa rangi, ila daftari lake limejazwa kila plagi iliyobadilishwa. Nikaichukua.

582 inapozwa kwa maji, na maji yana masharti. Pistoni hupata moto na kutanuka haraka kuliko silinda iliyozungukwa na maji baridi. Nafasi kati yao ikiisha, injini inashika, yaani inakwama na kuzima. Hangani kwetu hakuna anayefungua mafuta yote kabla geji ya joto la maji haijafika nyuzi 60, hata awe amechelewa vipi. Pia kuna kikopo kidogo cha oili ya vali inayozunguka, ile inayofungulia hewa na petroli kuingia. Oili ikipungua humo au ikageuka rangi ya maziwa, sili imechoka na ndege haitoki.

Sasa ile ya Pwani. Jeti kuu, yaani kijitundu kinachopimia injini petroli, ya kiwandani kwenye kabureta za Bing za 582 ni namba 165; namba ikiwa ndogo, petroli inapungua. Kwa hewa yetu nyepesi ilimwaga petroli kupita kiasi, plagi zikawa nyeusi tii. Nikaweka 158, na injini ikatulia kabisa. Nikajiona fundi. Desemba tukaikunja traiki, tukaipakia kwenye lori hadi Kilifi, tukaiunga upya karibu na bahari. Niliangalia kila boliti. Jeti sikuzikumbuka.

Hewa ya huko ni nzito, na jeti ndogo haiwezi kuilisha petroli ya kutosha. Tukiwa kama mita 100 juu, geji ya joto la ekzosi ilipita nyuzi 650, ambayo ndiyo mwisho, ikaenda 670 na haikuonyesha nia ya kusimama. Nikapunguza mafuta, nikageuka, nikatua nikiwa na jasho hadi kwenye viatu. Tulimwita mzee mmoja anayetengeneza mashine za boti. Ndege hajawahi kuigusa, lakini alichungulia tundu la ekzosi akasema, "Mwanangu, mashine yako yala njaa." Pistoni moja ilikuwa na michirizi upande wa ekzosi. Kosa langu mwenyewe, na lilinigharimu pistoni, ringi na likizo. Mzee alitaka pia kunipa oili yake ya boti. Nilimshukuru nikakataa: ile ya TC-W3 ni ya mashine zinazokunywa maji ya bahari baridi. Kitabu cha Rotax kinataka daraja la API TC, na mimi nachanganya mililita 400 kwa lita 20.

Ukiniuliza: wa kiti kimoja, atafute 503 nzuri. Wa viti viwili huku juu, 582, na akubali lita 16 kwa saa, ndizo ninazotumia mimi. Zote mbili Rotax ameacha kuziunda, kwa hiyo hakikisha spea kabla ya kulipa. Rafiki yangu ana injini ya Hirth ya Ujerumani na hajawahi kuilalamikia, lakini yuko peke yake uwanjani. Mimi napenda injini ambayo jirani ana gasketi yake kabatini. Mwenye pesa anunue Rotax 912 ya mapigo manne alale usingizi. Kitabu cha injini zetu chenyewe kinaonya kwamba zinaweza kuzima ghafla, nami huruka nikiwa na uwanda wa kutua machoni muda wote.

Jeti zangu za 165 sasa zimo kwenye kopo la ugoro, limefungwa kwa waya kwenye mlingoti, na juu yake nimeandika PWANI kwa rangi nyekundu. Injini ina saa 271. Ikifika 300 inafunguliwa yote, na krankishafti mpya nimeshaiagiza.