Kupimwa misuli ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo: kliniki moja ya Dar imenichosha

Msiende. Natanguliza hilo kwa mwenye haraka.

Mwanangu anatembea kwa ncha za vidole, na mguu wa kulia ndio mkaidi zaidi. Daktari wa mifupa alitutuma kliniki hii ya binafsi tukapimiwe misuli, apate kujua kama tunaelekea kwenye sindano ya botoksi ya kulegeza msuli, au kwenye plasta ngumu (POP) ya kuurefusha. Swali lilikuwa hilo tu, na barua ya rufaa ililisema wazi.

Yule baba wa fiziotherapia hata kuifungua hakuifungua. Salamu aliitikia macho yakiwa kwenye simu. Mtoto bado ana soksi, ameshtuka, analia, na akilia misuli ndiyo inazidi kukakamaa. Yeye kaukamata mguu, kausukuma juu taratibu mara moja, kaandika 2. Mbili ya nini? "Ya Ashworth, mama. Kwani utaelewa?"

Naelewa! Ashworth ni alama za ukakamavu wa misuli; hiyo 0 mpaka 4 naijua kama bei ya unga, na 1+ yake kati ya 1 na 2. Hata Ashworth yenyewe mguu husukumwa kwa kama sekunde moja, si kwa kubembeleza. Nikamuuliza mbona hajajaribu kwa kasi. Msuli unaokazwa na ubongo hugoma ukivutwa haraka, ukivutwa polepole unaachia. Uliokwisha kufupika hauachii kwa mwendo wowote, na huo botoksi haiurefushi. Sasa hiyo 2 yake daktari aifanyie nini? Akanijibu mbele za watu: "Basi njoo upime wewe."

Nilitoka natetemeka.

Ila nisimdhulumu mtu. Kuna binti pale, nadhani yuko kwenye mafunzo, alitukimbilia koridoni. "Shikamoo mama, naomba nimwone tena." Akakaa chini kwenye mkeka, akampa mtoto goniometa, ile rula ya kupimia pembe ya kiungo, achezee mpaka akatulia. Soksi zikavuliwa. Akapima goti likiwa limenyooka, unyayo ukakataa kupanda. Akalikunja goti, ukapanda vizuri. Akanionyesha kwa kidole: kinachobana ni msuli wa juu wa kigimbi, ule unaovuka goti. Akavuta polepole, akavuta kwa kasi, akaandika nyuzi za pembe kwa kila mwendo, kisha akamtazama akipanda ngazi ameshika ukuta. Daktari wa mifupa alisoma karatasi yake, akasema sindano, wala hakuuliza zaidi.

Kwa hiyo nendeni? Ukimpata huyo binti, nenda hata kama unatoka Kibaha. Sijawahi kuona mwanangu anapimwa bila machozi. Nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota nne.

Halafu nikaitazama risiti: jina la yule baba, ada kamili ya mtaalamu mwandamizi. Mapokezi nao wanasema mgonjwa hachagui wa kumpima. Nyota moja, tena ya binti. Na hela yangu ya zile dakika za simu naidai.