Sindano za filgrastim kipindi cha kemo: zinafanya kazi, ila jiandae na mifupa

Mtu akiambiwa anaanza kemo, zile dawa kali za saratani, anachouliza kwanza ni kutapika na nywele. Sindano za filgrastim, za kupandisha chembe nyeupe za damu, zinakuja kutajwa mwishoni, nesi akishaandika tarehe ya kurudi, na wengi tunatoka pale na cheti cha dawa mkononi bila kujua hasa tunakwenda kununua nini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Tanga. Nimetibiwa saratani ya titi Dar es Salaam, na miezi yote ya dawa nilikaa kwa mdogo wangu Temeke. Sindano hizi zimenitesa na zimenisaidia, na nikiambiwa nizipe nyota, nazipa nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibakiza ni ya bei, si ya maumivu.

Mzunguko wa kwanza wa kemo sikuandikiwa sindano hizi. Dawa zangu zilikuwa doksorubisini, ile nyekundu inayogeuza mpaka rangi ya mkojo, pamoja na saiklofosfamaidi. Siku za mwanzo nilichoka tu. Wiki ya pili ilipoingia nikaanza kutetemeka usiku, baridi inatokea ndani, blanketi halisaidii. Mdogo wangu akanipima joto: 38.6. Zahanati ya jirani wakanitoboa kidole, malaria hakuna, na bado wakataka kunipa dawa ya malaria na panado nikalale. Mdogo wangu akasimama pale mlangoni akasema dada yangu yuko kwenye kemo, nataka apimwe damu kamili. Tukapanda bajaji usiku uleule mpaka hospitali ninakotibiwa. Neutrofili, zile chembe nyeupe zinazowahi kupambana na bakteria, zilikuwa 0.4. Kwa kawaida zinatakiwa zianzie 1.5 kwenda juu, na ukishuka chini ya 0.5 huku una homa, hiyo ni dharura, hata kama unaweza kutembea na kuongea. Nikalazwa, nikapewa antibayotiki za mshipa, na kemo ya pili ikaahirishwa.

Nasimulia haya kwa sababu huku kwetu ukisema una homa, kila mtu anawaza malaria. Ukiwa kwenye dawa hizi, neno la kwanza ukifika mapokezi liwe "niko kwenye kemo", kabla hujaanza kueleza joto. Na nunua kipimajoto. Kiganja cha mkono kwenye paji la uso hakitofautishi 37.5 na 38.3, na kwa sisi tofauti hiyo ndiyo inayoamua ulale nyumbani au ulale wodini.

Kuanzia mzunguko wa pili daktari akaandika filgrastim mikrogramu 300, moja kila siku kwa siku kadhaa, ya kwanza ichomwe dripu ya kemo ikiwa imeshamalizika saa 24 au zaidi. Hapo hakuna kuwahi. Filgrastim inauhimiza uboho, ulio ndani ya mifupa, uzalishe neutrofili kwa kasi. Kemo nayo inaua seli zinazogawanyika kwa kasi. Ukivikutanisha, unazipeleka chembe changa kuuawa. Dawa yenyewe ni protini, mfano wa ile ambayo mwili hujitengenezea, na viwandani inazalishwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu. Ilianza kuruhusiwa 1991, na Shirika la Afya Duniani limeiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Nayataja haya kwa ajili ya wale wanaonongʼonezwa kwamba wanafanyiwa majaribio.

Haiongezi damu. Watu wa nyumbani walikuwa wananitazama viganja na kushangaa, sindano zote hizi na bado mweupe hivi? Chembe nyekundu haizipandishi, na zile za kugandisha damu haizipandishi pia, kwa hiyo kizunguzungu cha upungufu wa damu na kutoka damu kwenye fizi vina matibabu yake mengine. Hata neutrofili zenyewe zitashuka. Inachofanya sindano ni kuzipunguzia siku za kukaa chini, na siku hizo zikipungua, nafasi ya kuugua kama nilivyougua mimi inapungua. Kwangu matokeo yalikuwa wazi: kemo haikuahirishwa tena.

Sasa baridi. Hapa ndipo hela inapopotea bila mtu kujua. Filgrastim inatunzwa nyuzi 2 mpaka 8. Ikiganda inaweza kuharibika, ikishinda kwenye joto la Dar inaweza kuharibika, na ukiitazama kwa macho unaweza kuiona safi kama kawaida. Duka la kwanza nililoulizia, muuzaji aliichomoa kwenye kabati la kioo, imepangwa na dawa za kikohozi, feni inazunguka juu. Bei yake ilikuwa nzuri sana. Nikamshukuru nikaondoka. Duka la pili walikuwa na friji yenye kipimajoto mlangoni, na dada wa pale aliniuliza nyumbani ni wapi na nitafika kwa muda gani kabla hajaitoa. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya kule. Nilinunua hapo na nikaendelea kununua hapo mpaka mwisho. Nyingi zilizopo madukani ni za viwanda vya India, zimetengenezwa kwa mfano wa ile ya mwanzo, na nilizochomwa mimi zote zilipandisha chembe kama ilivyotakiwa. Kwa hiyo msinunue jina. Nunueni friji ya muuzaji.

Kuibeba nilitumia chupa ya chai yenye mdomo mpana. Chini barafu la maji la kwa mangi, lile la kwenye mfuko wa nailoni, juu yake kipande cha kanga kilichokunjwa mara nyingi, halafu sindano ikiwa ndani ya boksi lake. Isiguse barafu kabisa. Nyumbani inakaa rafu ya katikati ya friji, si mlangoni ambako inapigwa joto kila watoto wakifuata maji, na si karibu na sehemu inayogandisha. Umeme ukikatika friji haifunguliwi. Umeme ukichelewa kurudi, sindano inarudi kwenye chupa yake. Soma pia kikaratasi cha ndani ya boksi, maana muda ambao dawa inaruhusiwa kukaa nje ya friji unatofautiana kati ya aina moja na nyingine.

Kuchoma kwenyewe hakuna shida kubwa. Siku za kwanza tulikwenda kwa nesi, baadaye akamfundisha mdogo wangu, akamsimamia mpaka akaridhika. Unaitoa kwenye friji kama nusu saa kabla, maana ikiingia ya baridi inauma zaidi. Huitikisi. Unaiangalia kwenye mwanga, na ukiona ukungu au vipande haichomwi. Mdogo wangu alikuwa ananibana ngozi ya tumbo mbali na kitovu, leo kulia kesho kushoto, anasukuma taratibu, anachomoa, na hasugui. Sindano iliyotumika tuliiweka kwenye kopo gumu la plastiki lenye mfuniko na kulirudisha hospitali. Vijana wanaozoa taka mitaani wanachambua kwa mikono mitupu, na hawana kosa lolote la kuchomwa na sindano yangu.

Maumivu yalianza siku ya pili, wakati mwingine ya tatu. Yanaanzia mfupa wa kifua, unadunda sawasawa na mapigo ya moyo, halafu yanashuka kiuno, nyonga na mapaja. Ni kama jino bovu lililohamia mgongoni. Ukipiga chafya unashika kitanda. Usiku mmoja nilikaa ukingoni mwa godoro, siwezi kulala chali, siwezi kulala ubavu, na mdogo wangu akaketi sakafuni akanishika miguu mpaka adhana ya alfajiri. Nilidhani saratani imeingia kwenye mifupa. Daktari alinieleza kitu ambacho natamani kila mgonjwa aambiwe kabla ya sindano ya kwanza: panapouma ni pale penye uboho mwingi, na panauma kwa sababu uboho unafanya kazi kwa nguvu kuliko kawaida. Maumivu hayakupungua kwa kuambiwa hivyo, ila hofu iliondoka, na nusu ya mateso yangu ilikuwa hofu.

Kilichonisaidia kwanza ni panado, lakini kwa mpangilio: kipimajoto kwanza, kidonge baadaye. Panado inashusha homa, na ukiimeza bila kupima unaweza kuificha homa ileile iliyotakiwa kukukimbiza hospitali. Nilikuwa na daftari la mazoezi kando ya kitanda, naandika saa, joto, na nilichomeza. Likifika 38, tunaondoka bila kusubiri kukuche. Pili, daktari aliniruhusu loratadini, ile ya mzio na mafua ya vumbi, moja kwa siku kuanzia siku ya sindano ya kwanza. Watafiti wameijaribu kwa maumivu haya na si kila mtu inamsaidia, ila mimi makali ya usiku yalipungua na nikapata usingizi. Tatu ni kanga iliyochovywa maji ya moto na kukamuliwa, inawekwa kiunoni. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huku tunazinunua dukani kama pipi, usiziguse bila kuuliza: kemo inaweza kushusha chembe za kugandisha damu, na dawa hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu, pia zinaelemea figo.

Kuna maumivu ambayo si ya kuvumilia nyumbani. Yakiwa juu ya tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, au kwenye bega la kushoto, hiyo inaweza kuwa bandama, ambayo dawa hii huweza kuivimbisha na kwa nadra sana kuipasua. Midomo kuvimba au pumzi kubana baada ya kuchomwa, vilevile. Nenda.

Jambo jingine, na hili nimeliona kwa mwenzangu wa benchi. Alipima damu siku chache tu baada ya kuanza sindano, akakuta neutrofili zimeruka juu, akafurahi, akaacha sindano zilizobaki ili aokoe hela. Wiki iliyofuata zilikuwa chini kabisa. Mruko ule wa mwanzo ni chembe zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye uboho zikifunguliwa mlango. Shimo lenyewe la kemo linakuja baadaye, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Anayeamua sindano zikome ni daktari, akiwa ameona zimeshuka na zimepanda tena. Ukiona hela haitoshi, mwambie mapema, kabla hujakata katikati.

Wageni walikuwa mtihani. Mtu wa Tanga akiugua anatembelewa, na kumzuia shangazi aliyepanda basi na mihogo yake na samaki wa kukaanga ni kazi ngumu. Mdogo wangu aliweka ndoo ya koki na sabuni mlangoni, anayeingia ananawa, mwenye mafua anasalimia kutoka barazani. Hakuna aliyenuna. Kachumbari na mayai mabichi niliviacha siku za hatari, matunda nilikula niliyomenya mwenyewe. Habatsoda na unga wa mlonge nililetewa kwa mapenzi makubwa, nikavipeleka kwa daktari kwanza, akaniomba viwekwe pembeni mpaka dawa ziishe, na walioleta walinielewa.

Ipo pia ile ya kukaa muda mrefu mwilini, pegfilgrastim, miligramu 6, inachomwa mara moja kwa mzunguko mzima, nayo saa 24 baada ya dripu. Haitakiwi kuchomwa ndani ya siku 14 kabla ya kemo inayofuata, hivyo wa kemo ya kila wiki haiwafai. Sindano moja bei yake inatisha. Mama mmoja wa Lindi tuliyekuwa tunakaa pamoja alitumia hiyo. Maumivu, alisema, ni yaleyale. Lakini kijijini kwao hakuna friji wala nesi wa karibu, na yeye alikuwa anachomwa kesho yake, hapohapo hospitali, halafu anapanda basi kurudi kwa wanawe. Mimi nilikuwa na mdogo wangu, friji, na mangi wa barafu hatua chache kutoka mlangoni, ndiyo maana ile ya kila siku niliiweza. Kama unatoka mbali, jumlisha nauli, malazi na siku za kukaa mjini kabla hujaikataa kwa bei, na muulize daktari kabla dripu haijaanza, kwa sababu siku ya kuichoma ni kesho yake na kuitafuta madukani kunaweza kuchukua zaidi ya siku moja.