Uzoefu wangu: duka la risasi na jibu la "swala hasomi boksi"

Kama una leseni na unatafuta risasi za .30-06 (saizi ya risasi za bunduki ya kuwindia) hapa Dar, kuna duka moja mjini, silitaji jina. Mzigo upo, bei inavumilika, na stoo yao ni kavu, jambo ambalo kwa unyevu huu wa pwani si dogo. Sifa zimeishia hapo.

Nilichukua boksi mbili, chapa ileile, kichwa kilekile, yaani kile kipande kinachoruka, cha grain 180, sawa na kama gramu 11.7. Kwenye uwanja wa shabaha boksi la kwanza lilinipa raha: mita 100, matundu yamekusanyana, ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Nikafungua la pili. Darubini sijaigusa, mkao uleule. Risasi zikashuka vidole vitatu, na zaidi ya hapo zikatawanyika. Kugeuza boksi, namba ya toleo tofauti! Kiwanda kikianza shehena nyingine ya baruti, mwendo wa risasi unaweza kubadilika hata kama maandishi ya nje ni yaleyale. Na vidole vitatu kwa mita 100 vinakuwa sita kwa mita 200, bado hujahesabu risasi inavyoanguka yenyewe. Ulilenga kifua, umevunja mguu, unashinda porini unafuata damu.

Nikarudi dukani. Kijana wa kaunta, umri wa mwanangu wa mwisho, shikamoo hakuna, macho kwenye simu. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba unitafutie boksi zenye namba hii." Hata kichwa hakuinua. "Mzee, risasi ni risasi. Swala hasomi boksi."

Wateja wakacheka. Na mimi, nikiri, sentensi ni tamu. Ila angeniambia baada ya kunyanyuka kwenye kile kiti.

Wenzetu Marekani na Afrika Kusini wanajaza risasi wenyewe. Anaokota ganda lililotumika, analirudisha kwenye umbo, anatia fataki mpya (kile kiwashio cha kitako), anapima baruti kwa sehemu ya kumi ya grain, anakandamiza kichwa kwa kina kilekile kila risasi. Bunduki ina mapendeleo yake, naye anaipikia inachokipenda. Mimi sina kibali cha kazi hiyo, na baruti kwenye nyumba ya kupanga Tabata siileti. Nimewahi kupima risasi nzima kwa mizani ya sonara, lakini ganda la shaba nalo linapishana uzito, kwa hiyo hujui kilichopungua ni shaba au baruti. Ujanja unaobaki ni mmoja: nunua toleo moja, zikutoshe msimu. Ndicho nilichoomba. Kugeuza boksi!

Haki isemwe, kijana mwingine wa stoo alinisikia, akanifuata mlangoni: "Shikamoo mzee, subiri kidogo." Akaleta boksi tatu, namba ileile. Nilitaka kuwapa nyota nne kwa ajili yake.

Nikafika kaunta kulipa. Yule wa kwanza akaongeza bei, eti "za kuchagua." Za kuchagua! Kana kwamba nimebinyabinya maembe. Nililipa, kwa sababu msimu haunisubiri. Nyota mbili. Hapana, moja, nayo ni ya yule wa stoo. Mkienda mwulizeni yeye, na boksi ligeuzeni kabla hamjatoa hela.