Pipa moja kwa siku: misimu miwili na mipira ya matone Goweko

Nianze na pesa, maana ndicho kila mtu anachoniuliza kwanza akifika shambani. Mwezi wa tisa 2022, nikiwa na malipo ya tumbaku mkononi, nilitoa shilingi milioni 2 na laki 3 kwa seti nzima ya kukinga maji ya mvua na kumwagilia kwa matone: simtanki la lita 5,000, mifereji ya bati ya kuzungushia paa, mipira ya matone mita 1,000, chujio moja, koki na mfuko wa viungio. Aliyeniuzia ni kijana wa Tabora mjini, mchangamfu, simu mbili mkononi. Alipima kwa macho kiwanja changu, akasema hiyo seti inatosha robo ekari ya nyanya "kiangazi kizima mama yangu, wewe kazi yako kufungua koki tu."

Kumwagilia si jambo geni kwetu Goweko, wilaya ya Uyui mkoani Tabora. Kuanzia mwezi wa nane kila mwaka tunanyeshea vitalu vya tumbaku kwa keni, asubuhi na jioni, watoto wakitoka shule nao wanashika ndoo, mpaka mvua zishike mwezi wa kumi na moja. Ila jikoni mwezi huohuo kuna nini? Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Mboga mbichi inaletwa kwa baiskeli, fungu limenyauka na bei imepanda. Tunamnywesha maji mmea tusioula, kisha tunatafuna majani tuliyokausha mwezi wa nne. Hilo lilinikera miaka mingi, ndiyo maana yule kijana hakuhangaika sana kunishawishi.

Mvua za 2022/23 tangi lilijaa kabla mwezi wa kumi na mbili haujaisha. Nilifurahi kama mjinga. Mwezi wa tano, mvua zilipokata, nikatandaza mita 400 za mipira, si zote, nikapandikiza nyanya. Mama mkwe akaja kutazama, akainama, akasubiri tone lidondoke.

"Mkwe wangu, hii mipira inatoa maji au inatoka jasho?"

"Ndivyo inavyofanya kazi mama. Inakwenda kwenye mzizi tu."

"Haya. Mimi nitakuachia ndoo hapa hapa."

Siku ya kumi koki ilitoa upepo. Lita 5,000 zimekwisha, nyanya bado ziko kimo cha kiganja. Nilikaa chini na kalamu ya mwanangu wa darasa la sita, na hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kununua ndiyo hii. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita 1. Paa langu ni mita 9 kwa 6, yaani mita za mraba 54. Mvua moja nzuri ya milimita 40 inaleta lita 2,000 na ushee, kwa hiyo mvua tatu kubwa zinajaza tangi. Mwaka wa kawaida huku Tabora unapata kama milimita 900. Hapo juu ya bati langu zinapita lita zaidi ya 40,000, mimi nimeweka chombo cha 5,000. Kuanzia Krismasi hadi mwezi wa nne tangi linafurika na maji yanakwenda zake chooni na barabarani. Kisha kiangazi kinakuja, miezi sita bila tone, na lile tangi ni kikombe.

Mipira ilikuwa sawa, kosa lilikuwa kwenye chombo. Kijana aliniuzia mdomo mkubwa na tumbo dogo.

Msimu huo niliokoa nyanya 160 tu. Nilikata mistari mitano ya mita kumi kumi, vitundu viko kila sentimita 30, nikaweka pipa la lita 200 juu ya jukwaa la miti, na mume wangu akawa anabeba madumu kwa baiskeli kutoka kisima kirefu cha kijiji. Madumu kumi, pipa limejaa, unafungua koki saa kumi na mbili asubuhi. Lita moja na kidogo kwa kila shina kwa siku. Na zilizaa! Hapo ndipo nilipojua kipimo: familia moja, pipa moja, mistari mitano. Mengine yote ni maneno ya duka.

Tangi lenyewe silijutii. Tumelifanya la kunywa na kupikia, na nitasema wazi kuwa kwa kazi hiyo ni kitu bora kuliko vyote nilivyonunua nikiwa kwenye ndoa. Jambo moja tu: mvua za kwanza za mwezi wa kumi na moja usiziingize. Bati limekaa miezi sita linakusanya vumbi, mavi ya mijusi na ya njiwa. Mimi nachomoa bomba linaloingia kwenye tangi, naacha mvua mbili zioshe paa, kisha narudisha.

Lambo, yaani bwawa dogo la kuchimba, lilikuja kwa sababu ya kikundi. Tuko kaya nane kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na mimi nilikuwa na mita 950 za mipira zimekaa bila kazi. Nikawaambia mipira iko, tuchimbe tumbo. Mzee mmoja jirani, ambaye ametengeneza majaruba ya mpunga toka ujana wake, alitushauri twende mbugani kwenye udongo mweusi kwa kuwa unashika maji wenyewe bila gharama. Alisema kweli. Lakini mbuga iko mbali na nyumba, ng'ombe wanapita, na sisi tulitaka maji karibu na bustani. Tukachimba kwenye mchanga mwekundu, chini kidogo ya barabara ambako maji ya mvua hupita kila mwaka yakielekea bondeni, na mchanga ukatulazimisha kununua nailoni nzito ya kutandika. Nailoni ilitugharimu laki 2 na elfu 40 kila kaya. Kama ungekuwa na udongo wa mfinyanzi karibu na nyumba, pesa hiyo ingebaki mfukoni, hivyo chimba shimo la majaribio kwanza, limwagie maji jioni, uangalie asubuhi.

Lambo ni mita 20 kwa 12 juu, kuta zimelala, kina mita 2. Linabeba kama lita 360,000. Wiki tatu za majembe na sururu mwezi wa tisa na wa kumi 2023, jua la kupasua kichwa. Mlangoni mwa maji tulichimba vishimo viwili vya kutegea tope, na hivyo vishimo ndivyo vilivyotuokoa, kwa sababu mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka ule zilikuja na mchanga wa kutosha kujengea nyumba. Nilivizoa kwa koleo mara tano. Lambo lilijaa kabla ya mwaka mpya.

Sasa sikilizeni habari ya jua, kwani hakuna muuzaji atakayekwambia. Tulisimamisha mti wenye alama za sentimita katikati ya lambo. Mwezi wa sita, kabla hatujaanza kuchota chochote, maji yalikuwa yanashuka karibu sentimita 4 kwa wiki. Tukafikiri nailoni imetoboka. Vijana wawili waliogelea wakipapasa pembe zote, hakuna tundu. Mzee wa majaruba akaja, akatazama ule mti, akasema, "Jua nalo ni mwanachama. Mmesahau kumwandika." Ukipiga hesabu ya miezi minne ya kiangazi, jua linakunywa kama lita 140,000 kutoka kwenye lambo la ukubwa ule. Kinachobaki, ukigawa kwa kaya nane kwa siku 120, ni karibu lita 230 kwa kaya. Pipa moja. Lilelile nililolipata kwa madumu.

Kama tungejua, tungechimba jembamba na la kina zaidi, maana jua linakunywa kwa upana, halijui kina. Mwaka huu tumefunga matawi na makuti upande mmoja kupata kivuli, na upande unakotoka upepo tumesimamisha ukuta wa mabua. Mti wa alama unaonyesha nafuu kidogo. Si kubwa.

Mipira ina adui zake. Wa kwanza ni ukoga. Pipa langu la kwanza lilikuwa la bluu linalopitisha mwanga, maji yakawa kijani ndani ya wiki mbili na vitundu vya mistari miwili ya mwisho vikaziba. Nililipaka lami nje, mwanga ukakoma, ukoga ukakoma. Chujio lioshwe kila siku, sisemi kila wiki. Chujio lilikuwa moja na kaya ni nane, kwa hiyo tulinunua mengine saba madogo. Katikati hapo wengine walijaribu kufunga kitambaa cha chandarua, na matundu ya chandarua ni makubwa mno, tope laini linapita. Kila Jumapili unafungua ncha za mistari, unaacha maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe meupe.

Wa pili ni panya. Kiangazi kikikolea nao wana kiu, wanatafuna mpira wenye maji ndani. Tumejifunza kuufukia kidogo chini ya nyasi, na kuwawekea kigae cha maji pembeni. Mnaweza kucheka, lakini matundu yamepungua.

Wa tatu ni mchwa, na huyu nusura aniumizie mtoto. Jukwaa langu la miti, mita moja kutoka ardhini, lilisimama msimu mmoja. Mwezi wa nane 2024, alfajiri, pipa likiwa limejaa, nguzo mbili zilikatika na lita 200 zikaanguka mahali alipokuwa amesimama binti yangu dakika chache kabla. Ndani ya nguzo kulikuwa na udongo mtupu, mchwa wamekula wameacha ganda. Jengeni kwa matofali. Hata ya kuchoma ya hapo hapo kijijini. Mita moja inatosha; ukipunguza hapo, shina la mwisho wa mstari halipati kitu.

Na lambo lenye nailoni ni hatari kwa namna yake. Linateleza kama sahani yenye mafuta. Mbuzi wa jirani aliingia kunywa na hakuweza kutoka, tulimkuta asubuhi amekufa. Siku hiyo hiyo tulizungushia miiba, tukaweka mlango wenye kufuli, na kwenye kila ukuta tukaning'iniza kamba nene yenye mafundo ili mtu akiteleza apate pa kushika. Hiyo ingepaswa kuwa kazi ya kwanza kabla ya maji. Dhidi ya mbu tulitia perege wachanga, wanakula viluwiluwi vya mbu, na wamekua hadi watoto wanadai kuvua.

Yule kijana wa mjini? Viungio kumi na viwili vilikuwa vinavuja tangu wiki ya kwanza. Simu ya kwanza alipokea, ya pili alisema yuko Nzega, baada ya hapo namba zote mbili hazipatikani. Viungio tulivibadilisha wenyewe. Lipeni nusu, nusu nyingine mpe siku mstari wa mwisho unapodondosha.

Ugomvi kwenye kikundi upo, nisiwadanganye. Tuna zamu za kuchota, mwenye ufunguo hubadilika kila wiki, na kaya moja ilibainika inachota mapipa mawili kwa kuja na toroli usiku. Tulipimana maneno kikao kizima. Adhabu ikawa kuzoa tope la vishimo peke yao msimu ujao, na wamezoa. Nilikuwa nimeogopa kikundi kitavunjika, lakini mti wa alama ulitusaidia: kila mtu anaona kwa macho yake maji yameshuka kiasi gani, huwezi kubisha na mti.

Mavuno yangu ya 2024 kwa mistari mitano: sado 92 (makopo ya kupimia) za nyanya, nyingi nimeuza hapa stesheni ya treni na kidogo mjini, nikapata laki 2 na elfu 60 baada ya nauli. Mchicha na chainizi niliopanda kwenye vivuli vya nyanya sikuuza hata fungu moja, tumekula. Kwa mtu aliyetoa milioni 2 na laki 3 peke yake, hesabu hiyo inachekesha. Lakini wenzangu saba walinirudishia pesa ya sehemu yao ya mipira kidogo kidogo, na kati ya zile mita 1,000 zilizokuwa zinanidhihaki, sasa mita 400 zinalisha kaya nane.

Kwa hiyo nikipewa kutoa alama: mipira, nne kati ya tano, imevumilia jua misimu miwili bila kupasuka. Simtanki, tano kwa maji ya kunywa, moja kwa shamba. Viungio, moja. Maneno ya muuzaji, sifuri.

Mita 600 bado ziko darini. Kikundi cha kitongoji cha pili wamekuja kuziulizia, nimewaambia nitawauzia wakishachimba, tena wachimbe jembamba. Mama mkwe naye amedai mstari mmoja nyuma ya nyumba yake kwa ajili ya bamia. Ndoo yake ameichukua.