Jiwe la sumaku la Minecraft: sasa linafaa kutengenezwa na kila mchezaji

Jiwe la sumaku (lodestone) hufungwa na dira ili dira ikuelekeze kwake. Lilipoingia kwenye toleo la 1.16 mwaka 2020, lilidai mkuo mmoja wa netheriti, metali adimu ya mchezo, na wengi waliona heri netheriti hiyo iende kwenye upanga. Walikuwa na haki. Tangu toleo la 1.21.5 la mwaka 2025, katikati ya meza ya ufundi huwekwa mkuo wa chuma cha kawaida, ukizungukwa na matofali 8 ya mawe yaliyochongwa. Kwa bei hiyo hakuna sababu ya kulikosa.

Matofali ndiyo yanayowasumbua watu. Tofali la mawe la kawaida halikubaliki, lazima liwe lile la nakshi. Choma mawe ya kifusi 8 kwenye tanuri (kipande kimoja cha makaa kinatosha hasa), kisha yapitishe kwenye mashine ya kukatia mawe: jiwe moja hutoa tofali moja. Ukifanya kwa meza ya ufundi utahitaji mawe 12, maana matofali hutoka manne manne na vibao vya kuundia nakshi hudai matofali matatu matatu, hivyo kuna yanayobaki.

Dira ni chuma 4 na vumbi moja la redstone, madini mekundu ya mchezo. Ishike, bonyeza kwenye jiwe, nayo itaanza kung'aa. Ipe jina kwenye fuawe papo hapo, kwa sababu dira tatu zinazong'aa hazitofautishwi kwa macho.

Thamani kubwa ya jiwe iko Nether, ulimwengu wa moto unaofikiwa kwa kupita lango. Huko dira ya kawaida huzunguka ovyo, lakini iliyofungwa kwenye jiwe hukuelekeza barabara. Sharti ni moja: jiwe na mchezaji wawe katika ulimwengu uleule. Jiwe la nyumbani halikusaidii Nether, kwa hiyo weka la pili kando ya lango, tena kabla ya kuanza safari.

Kasoro ipo. Sindano haioneshi kimo wala umbali, na katika mapango ya Nether unaweza kusimama juu kabisa ya lango usilione. Andika kimo cha lango katika jina la dira. Jiwe likivunjwa, dira hupoteza mwelekeo. Ifunge upya kwa kubonyeza jiwe jingine. Ukihamisha jiwe tumia sururu, kwani kwa mkono mtupu halidondoki.

Nyota nne kati ya tano.