Uzoefu wangu na Cafelat Robot: usibanie maji

Natumia Cafelat Robot, mashine ya mkono ya kutengeneza espreso, hapa Arusha mwaka wa pili sasa, ile yenye geji ya presha. Haina boila (tangi la kuchemshia maji) wala haitaki umeme, unachemsha maji kwenye gesi, unamwagia juu ya kahawa alafu unakandamiza ile mikono miwili kwa nguvu zako mwenyewe. Umeme ukikatika asubuhi mimi kahawa nakunywa.

Ila miezi ya mwanzo niliteseka sana aisee. Kahawa chungu na wakati huohuo chachu, mara inaruka pembeni kama bomba limetoboka. Nikahangaika na usagaji, nikabadilisha kahawa, kumbe shida ni maji. Nilikuwa naweka gramu 18 za kahawa na maji kama mili 45 nikiamini espreso ni kikombe kidogo basi na maji yawe kidogo. Sasa unga wa kahawa nao unakunywa maji, gramu kama 20 zinabaki humohumo, kwenye kikombe napata 25 tu, nzito balaa. Na maji yakiwa machache juu yake panabaki hewa, yaani ukikandamiza unaanza kubana hewa, mikono inashuka geji imelala tu.

Siku hizi najaza mpaka ibaki kama sentimita moja kufika ukingoni, na siyamalizi, kikombe kiko juu ya mzani, ikifika gramu 36 nanyanyua mikono. Maji mengi pia yanatunza joto, na hili kwa sisi wa huku ni kubwa, tuko kama mita 1400 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ukiweka kidogo kwenye chuma cha baridi yanapoa hapohapo.

Alafu kulowesha. Nashusha mikono taratibu geji isome baa 2, natulia hapo sekunde 8 mpaka 10 hadi nione matone ya kwanza, ndo napandisha 6 au 7, mwishoni naachia mpaka 4. Unga mkavu ukiupiga presha ghafla unapasuka, maji yote yanakimbilia kwenye ufa, pale yanatoa uchungu na kwingine hayajagusa kitu, ndo ule uchungu na uchachu kwa pamoja. Ukilowa kwanza unavimba, unajishika vizuri.

Rafiki yangu ana La Pavoni Europiccola, nayo ni mashine ya mkono ila ina boila, yake akinyanyua mkono boila lenyewe linasukuma maji kwa presha ndogo na kulowesha, raha kweli, ila nafasi ya maji ni ileile kila mara, haiongezeki, akitaka zaidi lazima anyanyue tena katikati na hapo unga unaweza kuvurugika. Mimi napenda kupima mwenyewe.

Wiki hii nina kahawa ya Kilimanjaro iliyokaangwa kidogo, nimeipa sekunde 15 za kulowa na uchachu umepungua, utamu umekuja. Kesho najaribu 20.